Mali Bila Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wengi wa mwambao huuchukulia usemi huu kuwa ni wa wenye maduka. Mimi nauona unawahusu zaidi wavuvi na wakulima.

Mwaka 1908 serikali ya Kiingereza ilitoa sheria ya hati za ardhi katika mwambao wetu. Kila mwenye shamba alitakiwa kupeleka dai lake na kulithibitisha. Ardhi ambayo haikudaiwa, au ambayo mwenyewe alishindwa kuithibitisha, ilihesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Wengi hawakuwa na karatasi. Ushahidi wao ulikuwa makaburi ya wazee wao, minazi, miembe na visima, na mara nyingi haukuwafaa kitu. Hata leo wako wajukuu wao wanaoitwa maskwota katika ardhi waliyozaliwa.

Kwa sababu hiyo, hukumu iliyotolewa na Mahakama Kuu huko Malindi mwaka 2018 yapasa kuzungumzwa barazani, wala isiachiwe mawakili peke yao. Watu wa Lamu walikuwa wameishtaki serikali juu ya bandari mpya upande wa Manda. Walilalamika kwamba bahari inachimbwa ili meli kubwa zipite, mikoko inakatwa, na mvuvi mwenye dau na mshipi anafungiwa njia za riziki yake, na wenyewe hawakuulizwa. Majaji walikubali kwamba haki ya mazingira safi, haki ya kupata habari na haki ya utamaduni zimevunjwa. Ikaamriwa wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya karibu shilingi bilioni 1.76.

Ndugu msomaji, litazame vizuri neno hilo utamaduni. Hakuna mvuvi mwenye hatimiliki ya mwamba. Lakini kujua mlango upi hupitika maji yakiwa mafu, changu hukaa wapi wakati wa kusi, na kamba hukulia mikoko ipi, hiyo ndiyo hati yake, naye ameirithi kwa baba na babu.

Tarehe 26 Juni 2019, baraza la kitaifa linaloamua kesi za mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, Lamu. Sababu mojawapo ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Wako watakaosema hukumu haijazi chungu. Ni kweli. Gati ya kwanza ya bandari ilifunguliwa Mei 2021 wavuvi wakiwa bado wanadai fidia yao. Na si wao peke yao. Waogiek wa msitu wa Mau walishinda kesi katika Mahakama ya Afrika mjini Arusha mwaka 2017, wakaamriwa kulipwa fidia mwaka 2022, na mwaka 2023 baadhi yao wakabomolewa nyumba zao. Hata hivyo, mwenye hukumu mkononi anadai chake, na asiye nayo anaomba sadaka. Mwombaji hufukuzwa mlangoni. Mdai hurudi kesho na keshokutwa.

Linalonitia hofu ni kwamba hati yetu hii imo vifuani mwa wazee, na kila mwaka tunawazika nayo. Mwenyezi Mungu, katika aya iliyo ndefu kuliko zote, iliyomo Suratul Baqara, ametuamrisha tuandike deni na tuweke mashahidi. Ikiwa deni la mtu na mwenzake laandikwa, vipi amana ya vizazi iachwe bila kuandikwa?

Basi na tuandike. Kila kijiji kiwakalishe manahodha wake, na akina mama wanaojua miamba ya pweza, wataje majina ya milango, mikondo, visima na makaburi. Vijana wana simu. Warekodi sauti hizo, wachore ramani, na nakala zihifadhiwe msikitini na chuoni. Waboni nao wafanye hivyo kwa misitu yao. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inazitaka jamii zijisajili, na anayekwenda kusajili akiwa na daftari lake hasumbuki kama anayekwenda mikono mitupu.

Mwaka 1908 tulidaiwa ushahidi na wengi wetu hawakuwa nao. Bila shaka tutadaiwa tena.