Mfugaji wa tarantula anunue udongo kabla ya mapambo

Buibui wa rangi ya chungwa anayeitwa Usambara, kwa jina la milima ya mkoani Tanga, ni miongoni mwa tarantula wanaofahamika sana kwa wafugaji wa Ulaya na Marekani. Jina lake la kitaalamu ni Pterinochilus murinus, na nchi za asili yake ni pamoja na Tanzania na Kenya. Huko ng'ambo hufugwa kwenye kasha la kioo sebuleni, kama wengine wanavyofuga kasuku, na mwenye kumfuga hununua pia kila kinachowekwa ndani ya kasha hilo. Hapo ndipo ilipo biashara, na hapo pia ndipo fedha nyingi zinapopotea.

Mteja huvutiwa kwanza na vya kupendeza macho: mafuvu ya plastiki, majani bandia, changarawe za rangi. Udongo hununuliwa mwisho, tena kidogo, wa kufunika sakafu tu. Huko ni kuanza kujenga nyumba kwa mapazia. Tarantula haoni vizuri, na fuvu la plastiki analipenda mwenye nyumba, si yeye.

Anachohitaji ni kina. Kwa Usambara, sentimita 15 za udongo ni mwanzo mzuri. Jamaa yake mkubwa wa Kenya na Tanzania, Pelinobius muticus, ambaye miguu yake ikitandazwa hufikia kama sentimita 20, ni mchimbaji hasa na apewe 30 au zaidi. Akikosa pa kuchimba hukaa juu juu kwa wasiwasi, tayari kung'ata, na maumivu ya kung'atwa na buibui hawa si ya mchezo.

Kina huokoa maisha pia. Tumbo la tarantula ni laini mno; akipanda kioo akaanguka kutoka juu, linaweza kupasuka na akafa. Ndiyo maana wafugaji wazoefu hujaza udongo mpaka nafasi iliyobaki chini ya kifuniko isizidi mara moja na nusu ya upana wa miguu yake. Mawe yenye ncha hayafai kwa sababu hiyo hiyo. Maranda ya mierezi na misonobari nayo yaepukwe, kwani mafuta yake yenye harufu kali humdhuru.

Udongo unaotumika sana ni vumbi la makumbi ya nazi, linaloshindiliwa kuwa matofali na kuuzwa nje hasa na India na Sri Lanka. Tofali la gramu 650 likilowekwa hutoa takriban lita 8. Kasha lenye sakafu ya sentimita 30 kwa 30 likijazwa kina cha 15 hula lita 13 na nusu. Likijazwa 30, lita 27. Anayemjali buibui wake hanunui tofali moja, hununua mawili hadi manne. Vumbi hilo peke yake halishiki shimo vizuri, hivyo huchanganywa na udongo wa kawaida usio na mbolea wala dawa, kisha hushindiliwa kwa mkono.

Mapambo yanayobaki ni machache: chombo cha maji, na maficho ya gome la mti wa kizibo au kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango. Chombo kiwe mbali na maficho, maana Usambara ana mbio na mkono wa mtu hauwezi kushindana naye. Mengine yote atayafunika kwa utando wake.

Vumbi na kifuu, vyote ni vya mnazi. Kilifi, Kwale, Pangani na Mafia kuna makumbi yanayoishia kuwa kuni au kuozea nyuma ya nyumba. Mwenye minazi aliyeangalia hesabu ya matofali hapo juu ana haki ya kuuliza kwa nini tofali hilo lisitoke kwake.

Lakini asikope fedha za mashine kwa ajili ya buibui. Soko lao ni dogo. Vumbi lile lile hutumika kuoteshea miche ya mboga na maua, na huko ndiko kwenye wanunuzi wa tani. Kikwazo ni chumvi. Makumbi yaliyofukiwa pwani ili yatoe nyuzi za kamba, kama wafanyavyo akina mama wa Unguja, vumbi lake halifai mpaka lisafishwe sana. Anayetaka kujaribu atenge makumbi yasiyoguswa na bahari, ayasage, aoshe vumbi kwa maji ya mvua au ya bomba, kwani visima vingi vya pwani vyenyewe vina chumvi, kisha apeleke sampuli ipimwe kabla ya kutafuta mteja.