Kumbukumbu za afya ya mtoto zimo kwenye simu, je, nakala yake iko wapi?

Kadi ya kliniki ni karatasi. Hulowa mvua, huchanika kwenye mkunjo, na wakati mwingine hubaki nyumbani siku ambayo mama anakimbilia zahanati na mtoto mwenye homa. Ndiyo maana wazazi wengi siku hizi huipiga picha. Picha ya kadi, picha ya majibu ya damu, picha ya boksi la dawa, ujumbe wa sauti wa daktari uliotumwa WhatsApp saa nne usiku: vyote vimo ndani ya simu moja iliyo kwenye mkoba au mfuko wa suruali.

Muuguzi akiuliza, "Mama, mara ya mwisho alipewa dawa gani?" mkono huenda kwenye simu. Kwa mtoto aliyekuja na mafua, swali hilo si zito sana. Kwa mtoto mwenye selimundu, pumu, kifafa au mzio wa dawa fulani, jibu linaweza kubadilisha kile atakachoandikiwa siku hiyo. Na kwa mtoto ambaye kadi yake imepotea, picha ndiyo inayoonyesha kama alipata chanjo ya surua na rubella ya miezi 9 na ile ya miezi 18, au moja tu kati ya hizo.

Kisha simu hudumbukia kwenye ndoo, au huporwa kituo cha daladala. Mzazi hujifariji kwamba vitu vyake si viko Google. Mara nyingi haviko. Au viko nusu, au ni vya mwaka juzi, au viko kwenye akaunti ambayo hakuna mtu nyumbani anayejua neno lake la siri.

Hilo la akaunti ndilo la kuanza nalo, kwa sababu bila hilo mengine yote hayasaidii. Simu nyingi za Android huwashwa dukani na muuzaji mwenyewe. Anaweka laini, anafungua akaunti ya Gmail kwa jina alilolibuni papo hapo, anamkabidhi mteja simu ikiwa na WhatsApp tayari. Ni ukarimu wa kibiashara na muuzaji hana nia mbaya. Lakini mteja anaondoka bila kuijua anwani wala neno la siri. Miaka miwili baadaye simu inapotea. Picha za mtoto zinaweza kuwa salama kabisa kwenye hifadhi ya mtandaoni, ila ufunguo alibaki nao kijana wa duka, ambaye naye alishausahau siku ileile.

Akaunti hiyohiyo huleta balaa la pili. Fundi akiifuta simu yote, au "kuiflashi" kama wanavyosema, simu ikiwaka huuliza akaunti ya Google iliyokuwamo awali. Asipoijua mtu, simu haifunguki. Mafundi husema simu "imejifunga Gmail". Ulinzi huo umewekwa dhidi ya wezi, ila unamnasa pia mwenye mali asiyejua anwani yake.

Kujua akaunti ni kazi ya dakika moja. Mzazi afungue Mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno, kisha Google. Anwani ya barua pepe itaonekana juu. Aiandike kwenye daftari, si kwenye simu hiyohiyo. Kama neno la siri halijui, wakati wa kulibadilisha ni sasa, simu ikiwa bado mkononi na akaunti bado imo ndani, kwa sababu Google inaweza kutuma uthibitisho kwenye simu hiyo. Aweke pia namba ya kurejeshea akaunti, na iwe namba ambayo laini yake imesajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji aliyehamia mkoa mwingine ni tabu siku ya kuirudisha. Ikishindikana kabisa, mzazi afungue akaunti mpya na kuziagiza picha zilizo kwenye simu zipande huko.

Baada ya akaunti, swali linalofuata ni nini hasa kimehifadhiwa. Hapa ndipo wengi hudanganyika, maana neno bakapu hutumika kana kwamba ni kitu kimoja. Kwenye simu ya Android ni vitu vitatu tofauti, kila kimoja na swichi yake.

Cha kwanza ni bakapu ya simu yenyewe: orodha ya programu, meseji za kawaida, kumbukumbu za simu zilizopigwa na mipangilio. Njia ya kuifikia hutofautiana kutoka simu moja hadi nyingine, hivyo rahisi ni kuandika "backup" kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya Mipangilio. Hapo huonekana kama imewashwa na mara ya mwisho ilifanyika lini. Jambo lisilojulikana na wengi ni kwamba simu isipotumika kwa siku 57, Google inaweza kuifuta bakapu hiyo. Simu inayokaa kwa fundi miezi miwili ikisubiri kioo tayari imeshavuka siku hizo.

Cha pili ni picha na video, na hizi husimamiwa na programu ya Google Photos. Mzazi akiifungua na kugusa alama ya akaunti yake juu upande wa kulia, itamwambia kama picha zinapandishwa au la, na kwa anwani ipi. Lakini kuna mtego mkubwa hapo. Kwa kawaida Photos hupandisha picha zilizopigwa kwa kamera ya simu. Picha zilizoingia kupitia WhatsApp hukaa kwenye folda yake tofauti, na folda hiyo haipandishwi mpaka mwenyewe aichague. Majibu ya maabara yaliyotumwa na ndugu, picha ya kadi iliyotumwa na bibi anayekaa na mtoto, cheti cha dawa kilichotumwa na baba kutoka hospitali: vyote huwa nje. Ndani ya mipangilio ya bakapu ya Photos kuna sehemu ya folda za kwenye kifaa. Hapo WhatsApp iwashwe, au, kwa asiyetaka vichekesho vya makundi vijae kwenye hifadhi yake, picha chache muhimu za afya zipandishwe moja moja.

Mtego mwingine unawahusu wenye siri za kutunza. Mzazi anayeficha majibu ya vipimo kwenye folda iliyofungwa ya Google Photos anafanya vizuri kwa upande wa faragha, hasa simu inapopita mikono ya watu wengi nyumbani. Ila folda hiyo haipandishwi mtandaoni mpaka mtu aruhusu mwenyewe. Asiporuhusu, simu ikipotea vinapotea vyote.

Cha tatu ni mazungumzo ya WhatsApp, yenye bakapu yake ya pekee. Ndani ya WhatsApp, mzazi aingie mipangilio, kisha mazungumzo, kisha nakala ya mazungumzo. Ataona tarehe mbili: ya nakala iliyo ndani ya simu na ya nakala iliyo Google. Nakala ya ndani ya simu hutengenezwa kila usiku, lakini simu ikiibiwa nayo huondoka. Yenye maana hapo ni ile ya Google. Na wengi wakiitazama watakuta haijawahi kufanyika hata siku moja.

Sababu ni ya kawaida mno. Bakapu hizi kwa kawaida husubiri waifai. Nyumba nyingi hazina waifai, zina bando. Kwa hiyo simu inasubiri, mwezi unapita, mwaka unapita, na mwenye simu anaamini kila kitu kiko salama kwa sababu aliwahi kubofya "washa". Dawa yake ni ama kuipeleka simu penye waifai mara moja kwa wiki, kazini au kwa jirani mwenye moyo mzuri, au kuiruhusu kutumia bando. Anayechagua bando azime kwanza upandishaji wa video kwenye bakapu ya WhatsApp, kwa kuwa video ndizo zinazomeza GB. Maandishi na picha za kadi ni vitu vyepesi. Photos nayo ina sehemu ya kuweka kikomo cha data ya kila siku, na anayejiunga bando la usiku anaweza kuitumia kwa kazi hii hii.

Ili mazungumzo yarudi kwenye simu mpya, WhatsApp hutaka namba ileile na akaunti ileile ya Google. Na yeyote aliyewasha usimbaji wa bakapu kwa neno la siri au ufunguo wa tarakimu 64 autunze kama cheti cha kuzaliwa. Ukipotea, WhatsApp yenyewe haiwezi kuifungua nakala hiyo.

Nafasi nayo ina mwisho. Google humpa kila mtu GB 15 bila malipo, na hizo ni za pamoja: barua pepe, faili za Drive na picha za Photos. Zamani picha zilizopunguzwa ukubwa hazikuhesabiwa, lakini tangu Juni 1, 2021 zinahesabiwa, na tangu 2024 bakapu ya WhatsApp kwenye Android nayo inahesabiwa. Nafasi ikijaa bakapu husimama, na barua pepe mpya nazo hazipokelewi. Kabla ya kulipia nafasi ya ziada, mzazi aingie WhatsApp sehemu ya kusimamia hifadhi. Itampangia faili kubwa kuliko zote na zile zilizosambazwa mara nyingi. Video za harusi za watu asiowajua na salamu za asubuhi zenye maua zikiondoka, na upandishaji wa video ukizimwa, bakapu inayofuata itakuwa nyepesi.

Wenye iPhone wana njia fupi zaidi lakini nafasi finyu zaidi. Hupewa GB 5 tu za iCloud. Kwenye Mipangilio waguse jina lao lililo juu, kisha iCloud, kisha sehemu ya bakapu, na wataona tarehe ya mwisho. Wakizima bakapu hiyo au wakiacha kuitumia, Apple huitunza kwa siku 180 tu.

Memori kadi iliyo ndani ya simu si bakapu, kwa sababu mwizi haitoi na kuirudisha. Flashi iliyofungiwa kabatini ni bakapu. Kopi iliyochapishwa stesheni na kuwekwa kwenye bahasha pamoja na kadi yenyewe pia ni bakapu, na hiyo haihitaji chaji. Kwa mtoto mwenye ugonjwa wa kudumu, karatasi moja yenye jina la ugonjwa, kundi la damu, dawa anazotumia na vipimo vyake, na dawa zinazomdhuru, inafaa kuwapo nyumbani hata kama picha zake zimepanda Google mara kumi. Muuguzi wa zamu ya usiku hatafungua simu iliyozimika.

Namna ya kujaribu kama bakapu inafanya kazi ni kutafuta picha moja ya kadi kwa kutumia simu nyingine. Mzazi achukue simu ya mwenzi wake, afungue kivinjari kwa dirisha la faragha, aingie photos.google.com kwa anwani na neno lake la siri. Picha ya kadi ikionekana, ipo. Isipoonekana, haipo, hata kama simu yake inaandika kwamba imekamilika. Akimaliza atoke kwenye akaunti kabla ya kuirudisha simu.

Jambo la kutoka kwenye akaunti ni zito zaidi kwa simu za zamani. Mama akinunua simu mpya, ile ya zamani hupewa mtoto achezee gemu, na akaunti ya mama hubaki ndani. Mtoto anaona simu imejaa, anaingia Photos na kufuta picha ili gemu lipate nafasi. Picha zilizokwisha kupandishwa, zikifutwa ndani ya Photos, hufutika pia mtandaoni na kwenye simu mpya ya mama, kwa kuwa ni akaunti moja. Kinachofaa kutumika hapo ni kitufe cha kuongeza nafasi kilichomo ndani ya Photos, ambacho huondoa kwenye simu tu picha zilizokwisha kupanda.

Kama mtoto ameshafuta, bado kuna muda. Picha iliyokuwa imepandishwa hukaa kwenye pipa la taka la Google Photos kwa siku 60, na ambayo haikupandishwa hukaa siku 30. Mama afungue pipa hilo, ashikilie picha ya kadi mpaka ipate alama ya tiki, abofye kurejesha, kisha aitoe akaunti yake kwenye simu ya gemu.