Maneno Mapacha ya Kiingereza: "Hypo" Si "Hyper"

 

Safu yetu mwezi huu inajibu swali la mama mmoja ambaye bintiye yuko kidato cha pili. Binti amerudi nyumbani na orodha ya maneno ya Kiingereza yasiyotumika sana, yanayofanana kwa sura na kwa sauti, na mama anauliza: maneno haya yana kazi gani kwa mtu ambaye si mwalimu wala mwanasheria? Si afadhali mtoto asome kilimo? Dada yangu, swali lako limegusa penye kidonda. Mimi ninayeandika safu hii ya lugha nilikaribia kumwua mama mkwe wangu kwa sababu ya herufi mbili.

Ilikuwa mwaka 2016. Mama alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa kisukari, akaruhusiwa, akaja kukaa kwetu majuma machache kabla ya kurudi kijijini. Alikuja na insulini yake na karatasi ya hospitali, ambayo pamoja na mambo mengine ilituambia tuwe macho na dalili za "hypoglycaemia". Mimi nikasoma "hyper". Sikusoma mara ya pili. Wala sikuona haja ya kumwuliza mtu, maana katika nyumba ile mimi ndiye niliyekuwa naulizwa.

Basi nikalificha kopo la sukari. Chai nikampa kavu, ugali nikaupunguza ukawa tonge tatu, ndizi nikawapa watoto. Sindano ya insulini nikahakikisha amechomwa kila siku bila kukosa. Siku ya pili mama akaniambia, "Mwanangu, mbona njaa inaniuma hivi?" Nikamjibu kwa upole, "Mama, ni amri ya daktari." Akanyamaza, kwani ni mama asiyependa kusumbua watu.

Alfajiri ya siku ya tatu nilimkuta amelowa jasho kama aliyenyeshewa, mikono inatetemeka, ananiita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki. Mume wangu akadhani ni malaria imepanda kichwani. Tukaanza kuomba. Mungu naye akajibu upesi, kwa kumleta jirani yetu ambaye ni nesi na ambaye alisikia sauti zetu ukutani. Aliingia, akamtazama mama, akaiomba ile karatasi, kisha akauliza neno moja tu: "Sukari iko wapi?"

Alikoroga kijiko kikubwa cha sukari katika maji, akamnywesha mama kidogo kidogo, kwa kuwa bado aliweza kumeza. Baada ya dakika kumi na tano akampima kwa macho, akampa tena. Mama akaanza kuuliza kwa nini tumemzunguka. Ndipo akapewa uji na mkate. Nesi hakunigombeza. Alikiweka kidole chake juu ya lile neno, nami nikaisoma ile "o" niliyoiruka.

Sasa tulitazame neno lenyewe. "Hyper" na "hypo" yote mawili ni ya Kigiriki. La kwanza maana yake ni juu, kupita kiasi. La pili ni chini, pungufu. Sehemu iliyobaki, "glycaemia", imetoka katika Kigiriki cha utamu na cha damu. Kwa hiyo "hyperglycaemia" ni sukari iliyozidi katika damu, na "hypoglycaemia" ni sukari iliyopungua. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia dawa, madaktari huhesabu kuwa imepungua ikishuka chini ya 3.9 katika vipimo vya milimoli, au 70 katika vile vya miligramu. Sukari iliyozidi kwa kawaida hujenga madhara yake polepole, kwa kiu kingi, kukojoa mara kwa mara na uchovu, ingawa nayo huweza kuua. Iliyopungua haina subira. Huja kwa jasho, kutetemeka, njaa, moyo kwenda mbio na maneno yasiyoeleweka, na mtu aweza kuzirai katika muda wa chai kuchemka. Akiwa amezirai asitiwe kitu chochote kinywani, maana kitamwingia mapafuni, akimbizwe hospitali.

Na sisi tunaosema Kiswahili tumepewa msaada ambao Waingereza hawana. Litamke neno "hypo" kama wanavyolitamka: haipo. Sukari haipo! Sarufi yenyewe imekubali. Na "hyper" husikika kama haipa. Ile "pa" ya mwisho ikukumbushe kupaa. Tangu siku ile sijakosea tena, na mama mkwe, ambaye hajui Kiingereza hata cha kuombea maji, huwaeleza wenzake kijijini kwamba ana ugonjwa wa aina mbili, wa kupaa na wa haipo.

Ukishaijua jozi hii umeokota ufunguo wa milango mingi. "Hypertension" ni presha ya kupanda, "hypotension" ni presha ya kushuka. "Hypothermia" ni mwili kupoa kuliko inavyotakiwa, jambo linalowapata sana watoto wachanga. Joto lao likiwa chini ya nyuzi 36.5 mkunga atakuambia umlaze mtoto kifuani pako, ngozi kwa ngozi, mfunikwe pamoja. Hata sindano, kwa Kiingereza cha zamani, iliitwa "hypodermic", yaani ya chini ya ngozi.

Turudi kwenye orodha ya binti. "Oral" ni ya kinywa, "aural" ni ya sikio. Yote mawili ni kutoka Kilatini, na Waingereza wengi huyatamka sawasawa kabisa, hivyo usijilaumu ukishindwa kuyatofautisha kwa kusikia. Shuleni "oral" ni mtihani wa kusema, "aural" ni wa kusikiliza. Nyumbani ni chupa ya matone. Iliyoandikwa "for aural use" ni ya masikio, hainywewi, hata kama mtoto ana kikohozi na chupa ndiyo iliyo karibu. Itazame ile O ya "oral": ni mdomo ulioachama. Baadhi ya chupa za masikio huandikwa "otic", nayo ina pacha wake, "optic", linalohusu macho. Dawa ya sikio ikiingia jichoni huunguza. Mimi huwaambia wanangu hivi: "optic" ina P ya kope, "otic" haina kope.

Wenye mgonjwa wa kiharusi watakutana na jozi nyingine ngumu, "dysphagia" na "dysphasia". La kwanza ni shida ya kumeza, la pili ni shida ya kusema au kuelewa maneno. Kwa sikio letu ni kitu kimoja, na mgonjwa mmoja aweza kuwa na yote mawili. Lakini ukimpa mwenye shida ya kumeza maji ya kunywa kama unavyompa mtu mzima, yaweza kumpalia hadi mapafuni. G ni ya kugugumia, S ni ya kusema. Mkishindwa kuusoma mwandiko, mwulizeni daktari aseme kwa Kiswahili. Wala msione haya, yeye naye ana mama yake nyumbani.

Msidhani kwamba ni sisi tu tunaoteleza. Wenye lugha yao wameteleza sana katika majina ya dawa. "Hydralazine" ni ya presha ya kupanda, "hydroxyzine" ni ya mwasho na mizio. "Chlorpromazine" ni ya magonjwa ya akili, na "chlorpropamide" ilikuwa ya kisukari, ambayo siku hizi haitumiki sana. Fikiria mgonjwa wa akili asiye na kisukari akipewa ya kushusha sukari! Mwaka 2001 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaomba watengenezaji wa dawa kadhaa waandike sehemu zinazotofautiana kwa herufi kubwa, kama hivi: hydrALAZINE, hydrOXYzine. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mapendekezo tisa ya kuwalinda wagonjwa, la kwanza kabisa lilihusu majina ya dawa yanayofanana. Kwa hiyo ukichukua dawa dirishani, soma jina lililo kwenye pakiti, ulilinganishe na lililo kwenye karatasi, herufi kwa herufi, kabla hujaondoka hapo.

Kuna maneno mawili yanayofanana ambayo yana maana zinazopingana. "Prescribe" ni kuagiza, kama daktari anavyoagiza dawa. "Proscribe" ni kupiga marufuku. Katika Roma ya kale, mwaka 82 K.K., mtawala Sulla alibandika hadharani majina ya adui zake, na aliyeorodheshwa aliweza kuuawa na yeyote. Hapo ndipo neno hili lilipopata ukali wake. Serikali ya kikoloni ya Kenya ililitumia mwaka 1950 ilipoiharamisha Mau Mau. Ukikuta katika kanuni za shule kitu ambacho ni "proscribed", usikinunue.

Na kinyume cha hayo, kuna maneno mawili yanayoonekana kupingana na kumbe ni mamoja: "flammable" na "inflammable". Wengi huona ile "in" wakafikiri ni ya kukanusha, kwamba kitu hiki hakishiki moto. La hasha! Yote mawili maana yake ni kitu kinachowaka upesi. Ile "in" ni ya Kilatini cha kuwasha moto. Ni kwa ajili ya kosa hilohilo wataalamu wa kuzuia moto walianza kuhimiza "flammable" peke yake. Lakini "inflammable" bado lipo katika makopo na magari ya mafuta, hivyo ukiliona, weka mbali na jiko.

Nimebakiwa na nafasi ndogo kwa ajili ya maneno ya kanisani. "Venial" limetokana na Kilatini cha msamaha, na katika mafundisho ya Kikatoliki ndilo linalotaja dhambi nyepesi, si ile ya mauti. "Venal" limetokana na kuuza. Ni mtu anayenunulika, kama hakimu mla rushwa. Herufi moja tu imewatenganisha, na huyo wa pili nadhani angependa sana kuazima ile "i". "Calvary" ni Kalvari, kutoka Kilatini cha fuvu, ndiyo maana Biblia yetu husema Fuvu la Kichwa. "Cavalry" ni askari wa farasi. Nimewahi kuona hati ya mwaliko wa mkutano wa injili iliyopigwa chapa vizuri, karatasi ya kung'aa, ikituita tukutane chini ya msalaba wa askari wa farasi. Tulikwenda, na mahubiri yalikuwa mazuri.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaangalia maneno ya benki na mikopo, hasa "principal" na "principle", kwa kuwa mama mwingine ametia sahihi mahali ambapo hakupaswa.