Tuwafundishe Watoto Majina ya Mama Zao

Ndugu msomaji, mwulize mtoto wako wa darasa la sita akutajie watu watano walioijenga historia ya nchi hii. Atakutajia machifu, wapelelezi na viongozi. Yumkini hatamtaja mwanamke hata mmoja. Kosa si lake, ndivyo tulivyomfundisha.

Chukua mfano wa Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, kunakolimwa vitunguu vya kumwagilia. Mtoto wa huko hana haja ya kutafuta mifano mbali. Kaskazini mwa kwao, katika nchi ya Ngorongoro, ndiko uliko Olduvai. Hapo, tarehe 17 Julai, 1959, Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus, lenye umri wa miaka ipatayo milioni 1.75. Siku hiyo mumewe, Louis, alikuwa kambini, mgonjwa. Hata hivyo wengi wetu tukilisikia jina la Leakey, humkumbuka mume. Mwaka 1978, huko Laetoli, watafiti walioongozwa na mama huyo walizifichua nyayo za miaka ipatayo milioni 3.6 zilizohifadhika katika majivu ya volkeno.

Labda utasema huyo alikuwa mgeni. Vema, basi mwalimu na aanzie kwa wenyeji. Wataalamu waliokaa na Wadatoga waliandika tangu miaka ya 1960 juu ya baraza la wanawake wa kabila hilo. Mwanamume aliyemdhulumu mwanamke aliweza kuhukumiwa na baraza hilo na kutozwa faini ya ng'ombe. Ni mahakama iliyoendeshwa na kina mama! Wanafunzi na watumwe kwa bibi zao wakaulize, waandike na kusoma darasani. Kumbukumbu isiyoandikwa huzikwa na mwenyewe.

Kisha wafundishwe habari za Bibi Titi Mohamed. Elimu yake ya shule ilikuwa ndogo, lakini mwaka 1955, akipitia vikundi vya ngoma vya Dar es Salaam, aliandikisha maelfu ya wanawake katika TANU. Mwalimu asifiche kwamba baadaye alihukumiwa kifungo kwa kosa la uhaini, akaachiwa huru mwaka 1972. Historia iliyochujwa haimkomazi mtoto.

Lakini, mzazi mwenzangu, somo hili halimalizwi na mwalimu. Msimu wa vitunguu ufikapo, nani huachishwa shule akapalilie, au abaki nyumbani kulea wadogo zake? Binti akikosa kuwapo darasani siku linapotajwa jina la Bibi Titi, nduguye wa kiume ndiye atakayelisikia peke yake, na nyumba itaendelea kuamini kwamba wanawake hawakutenda neno.

Jioni ya leo, kabla ya chakula, mwambie mwanao jambo moja alilolitenda bibi yake. Uanze kwa kumtaja jina.