Vitenzi Havifikiri

Waalimu wenzangu, nataka kusema neno ambalo huenda likawachukiza wengine, nalo ni hili: ngazi za fikira tunazoziandika katika maandalio ya masomo yetu mara nyingi ni pambo tu.

Asili ya ngazi hizo twaijua. Mwaka 1956 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na wenzake, alitoa kitabu kilichopanga kazi za akili katika madaraja sita: kujua, kufahamu, kutumia, kuchanganua, kuunganisha na kupima. Mwaka 2001 Lorin Anderson na David Krathwohl wakayatengeneza upya, wakaweka kukumbuka chini na kubuni juu kabisa. Mpango huo ni mwema, wala sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoutumia.

Maana tumefanya nini? Tumekariri orodha ya vitenzi. Tukiona “taja”, twasema hilo ni swali la chini. Tukiona “changanua”, twasema hilo ni la juu. Kisha twaandika ubaoni sababu tano za mafuriko ya bonde la Kilombero, watoto wanazinakili, na juma lifuatalo twawauliza: “Changanua sababu tano za mafuriko.” Mtoto aziandika zote tano kwa mpango ule ule, nasi twampa alama zote na kujisifu kwamba amechanganua. Hakuchanganua kitu, amekumbuka tu. Mbuzi akivikwa ngozi ya chui hawi mwindaji.

Sasa mwulize mtoto huyo huyo wa Sanje: “Mashamba mawili ya mpunga yamepakana, moja limeharibiwa na maji, la pili limepona. Kwa nini?” Hapana neno gumu hapo, wala kitenzi cha orodha. Lakini jibu halimo daftarini. Itambidi aulize maji yalitoka upande gani, lipi liko juu na lipi bondeni, na mpunga ulipandwa lini. Hapo ndipo akili inapoanza kupanda ngazi.

Wako watakaoniuliza, “Je, wataka watoto waache kukariri?” La, hasha. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walikuwa katika msitu ulio juu ya Sanje, wakasikia mlio wa mnyama wasioufahamu. Mwenyeji aliyewaongoza akawaambia kwamba huyo ni ng’olaga. Kumbe ni kima ambaye wataalamu hawakuwa wamemwandika bado, naye leo huitwa vitabuni kwa jina la Sanje, wala haishi porini popote duniani ila katika misitu ya Udzungwa. Kama wageni wale wasingalihifadhi milio ya kima wengine, wangalijuaje kwamba huu ni mgeni? Na kama mwenyeji wao asingalilishika jina, nani angaliwaambia? Basi kukumbuka si aibu. Aibu ni kukumbuka tu, kisha kukuita kufikiri.

Wala onyo si jipya. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alisema kwamba mitihani hupima uwezo wa kushika mambo na kuyatoa yanapotakiwa, wala si kila mara hufaulu kupima uwezo wa kufikiri. Sisi tumebadili vitenzi vya mtihani, tukadhani tumelitii onyo.

Nakiri kosa langu mwenyewe. Nilipata kumnyima alama mtoto aliyeandika sababu ya sita ya mafuriko, ambayo aliiona kwa macho yake katika shamba la mama yake, kwa kuwa haikuwamo katika zile tano zangu. Darasani siku ile alikuwapo mmoja tu aliyefikiri, nami nikamwadhibu huyo. Tangu hapo hakuandika tena neno nisilompa.

Kwa hiyo nawasihi: kabla ya kuliita swali la juu au la chini, tusitazame kitenzi chake. Tujiulize, “Je, jibu lake nimekwisha kumpa mtoto?” Ikiwa nimempa, hilo ni swali la kukumbuka, na tuliite kwa jina lake. Ikiwa sikumpa, tumwache ahangaike nalo, na akileta jibu ambalo sisi hatukuliwaza, tulisome mara mbili kabla ya kuinua kalamu nyekundu.