Kakao ya mwituni ina funzo kwa misitu yetu

Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani. Wengi walitazama Ivory Coast na Ghana, kunakotoka sehemu kubwa ya kakao duniani. Mimi nilitazama Bolivia, kwenye nyanda za Beni, ambako mkakao huota msituni bila kupandwa na mtu.

Asili ya mti huu ni bonde la Amazon. Kule Beni humea kwenye visiwa vya miti vilivyoinuka kidogo katikati ya mbuga zinazofurika msimu wa mvua. Wenyeji huingia humo kuchuma, huvundika mbegu, kisha huzianika. Mbegu ni ndogo, lakini watengenezaji wa chokoleti bora huzitafuta kwa ladha yake.

Adui ni moto. Wafugaji huchoma nyasi wapate malisho mapya, na ukame ukizidi moto huingia visiwani. Mwaka huohuo wa 2024, zaidi ya hekta milioni 10 ziliungua Bolivia. Mkakao ni mti wa kivulini. Miti mikubwa ikiteketea, hata uliosalia hudhoofika. Kwa hiyo kupanda miche pekee hakutoshi. Lazima njia za kuzuia moto zifyekwe mapema, miti mikubwa iachwe, na miche ioteshwe kwa mbegu za palepale ili mbegu ya asili isipotee.

Nani atafanya kazi hiyo kila mwaka? Ni yule anayejua kwamba mavuno ni yake. Hapa kwetu tumeliona jambo hili Arabuko-Sokoke. Wakulima wengi wa kando ya msitu walitaka ukatwe wapate mashamba. Tangu 1993, mradi wa Kipepeo umewawezesha kufuga vipepeo na kuuza pupa ng'ambo, na msitu ukawa na maana mezani pao.

Lakini bei peke yake si mlinzi. Mwaka 2025 bei ya kakao ilishuka sana. Anayetegemea dalali huachwa njiani. Mwenye haki ya msitu na chama cha kuuzia hubaki na sababu ya kuulinda.

Sheria yetu ya misitu ya 2016 inaruhusu vyama vya jamii kusimamia misitu pamoja na serikali. Basi tukiitwa kwenye baraza la kupanda miti, tusiulize idadi ya miche tu. Tuulize pia: mavuno ni ya nani, na yameandikwa wapi?