Trial: yule jamaa wa chini ya jiwe anasaidia au anaiba?

Juzi niko kafe, jamaa wa kompyuta ya pembeni anaangalia video ya Toni Bou, yule Mhispania aliyeanza kubeba ubingwa wa dunia wa trial mwaka 2007 na kuendelea mfululizo kwa zaidi ya miaka 15. Pikipiki inapanda jiwe refu kuliko mtu. Chini ya jiwe kuna mtu mwingine, kofia ngumu kichwani, mikono juu kama golikipa. Jamaa akaropoka: "Sasa si anasaidiwa huyo? Wizi mtupu!" Kafe nzima tukageuka. Ubishi ule sijaumaliza kichwani mpaka leo, ndiyo maana naandika.

Kwa sisi tuliozoea bodaboda, trial ni mchezo wa ajabu kidogo. Hakuna kukimbizana. Pikipiki haina kiti cha kukalia na inakaribia kilo 70 tu. Unapewa njia ya mawe, mizizi au mto, unapita bila kukanyaga chini. Ukikanyaga mara moja pointi 1, mara mbili 2, mara tatu na kuendelea 3. Ukianguka au ukitoka njiani unalambwa 5. Mwenye pointi chache ndiye mshindi.

Yule golikipa ni msaidizi wa dereva, na kwenye mashindano ya dunia anaruhusiwa kabisa. Anabeba spana, anakagua njia na dereva, anamkumbusha muda, maana zipo sekunde 60 tu. Lakini akigusa dereva au pikipiki wakati jamaa bado yuko njiani, ni pointi 5 hapo hapo. Hakuna cha "nilikuwa namwokoa".

Hapo ndipo pana kasheshe, na wabishi wengi hawapaoni. Fikiria dereva yuko juu ya jiwe, gurudumu la mbele limeanza kurudi nyuma. Msaidizi ana chini ya sekunde moja ya kuamua. Akidaka mapema, kumbe mshikaji angejiokoa mwenyewe, basi kamharibia siku, pengine na ubingwa. Akichelewa, pikipiki inamshukia dereva mgongoni. Sheria imemwachia yeye uamuzi huo, halafu adhabu anabeba mwingine! Kusema kweli kazi ile mimi siitaki hata kwa mshiko mnene.

Kwa hiyo jamaa wa kafe alikosea? Kwa sheria, ndiyo. Anayedakwa ameshafeli, hajaiba kitu. Ila mimi naona kuna kitu alikigusa bila kujua. Dereva anayejua kuna mtu chini anathubutu njia ambayo peke yake asingeijaribu. Msaada umeshaingia kichwani kabla mkono haujanyanyuka, na hilo mwamuzi hawezi kuliandika kwenye kadi. Halafu msaidizi naye anataka pikipiki yake, mafuta, chakula na nauli. Kijana anayejilipia mwenyewe anampata wapi?

Wengine wanasema basi wasaidizi wapigwe marufuku, mbona Scotland wanaweza. Kweli wanaweza. Yale mashindano ya siku 6 ya Fort William, yenye mizizi tangu 1909, hayana wasaidizi wa kukudaka. Kila siku vipande karibu 30 vya mawe na maji, ukianguka unainuka mwenyewe. Dougie Lampkin wa Uingereza alikuwa bingwa wa dunia mara 7, 1997 mpaka 2003, kwenye mashindano yenye wasaidizi. Huko Scotland kashinda mara 12. Huwezi kumwambia huyo alibebwa.

Lakini angalieni njia zenyewe. Scotland ugumu wake ni mrefu: baridi, uchovu, siku ya tano mikono haikamati tena breki vizuri. Mawe ni ya mtu kuanguka na kuinuka. Mashindano ya dunia yamepandisha mawe juu mno, ukidondoka vibaya ni hospitali. Huwezi kumtoa msaidizi ukaacha jiwe palepale, hiyo ni kutafuta maiti. Anayetaka marufuku aanze kwanza kushusha mawe, na sidhani kama wenye mashindano watakubali, kwa sababu mawe yale ndiyo yanauza tiketi.

Mimi ningeacha mkono, ningezuia mdomo. Msaidizi asimame, adake pale pa kufa, ila kumpigia dereva kelele za "bado sekunde kumi, pinda kushoto" iishe. Njia asome mwenyewe, muda ahesabu mwenyewe. Hapo kijana asiye na msaidizi angalau pengo lake linapungua.

Najua kuna watakaonirarua hapo chini, karibuni. Ila ukinijibu, nijibu na hili: ungekuwa wewe ndiye umesimama chini ya lile jiwe, rafiki yako yuko juu, gurudumu linarudi, ungeudaka mchuma lini?